Jubilate Deo: kijitabu cha Kilatini kwa parokia yenye lugha nyingi

Wakati wa Pasaka ya mwaka 1974 Papa Paulo VI aliwatumia maaskofu wa dunia nzima kijitabu chembamba cha nyimbo za Kilatini, Jubilate Deo. Ndiye Papa yuleyule aliyewatangaza mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, kisha akaja Uganda mwenyewe mwaka 1969. Kijitabu kilitolewa kama zawadi, na ruhusa ya kukinakili bure ilikuja nacho. Kwa hiyo hapa hatupimi kitu cha kununua dukani. Tunapima kama kinafaa kushikwa na kwaya ya parokia ya Kampala, Jinja, Gulu au Arua, ambako waimbaji wa benchi moja wanaweza kuwa na lugha za nyumbani nne, na Kiswahili au Kiingereza ndicho kinachowakutanisha.

Jibu letu ni kwamba kinafaa, tena kuliko vitabu vikubwa vinavyosifiwa zaidi. Lakini ukikichapa kama kilivyo na kumkabidhi mwalimu wa kwaya siku ya mazoezi, kitakushinda ndani ya wiki mbili.

Tuanze na kilichomo, tukisema toleo la 1974. Lile la 1987 lilipanuliwa. Sehemu ya kwanza ni ya Misa: maitikio kati ya padre na watu, Kyrie (Bwana utuhurumie) ya XVI, Gloria (Utukufu) ya VIII, Credo (Nasadiki) ya III, mazungumzo ya utangulizi kati ya padre na watu, Sanctus (Mtakatifu) ya XVIII, Pater noster (Baba Yetu), Agnus Dei (Mwanakondoo) ya XVIII, na kuaga kwa Ite, missa est. Namba hizo za Kirumi ni za mpangilio wa seti za nyimbo za Misa katika vitabu vya Kigregoriani, hazina uhusiano na ugumu wala ubora. Sehemu ya pili ni nyimbo mchanganyiko: O salutaris hostia, Tantum ergo, Adoro te devote, Parce Domine, Da pacem, Ubi caritas, Veni Creator, Regina caeli, Salve Regina, Ave maris stella, Magnificat, Tu es Petrus na Te Deum.

Ukiitazama orodha hiyo utaona kwamba aliyeichagua alijua parokia inahitaji nini. Karibu kila kitu cha sehemu ya kwanza ni maneno ambayo muumini huyasema kila Dominika kwa lugha yake. Hapo ndipo lile pingamizi la "watu hawataelewa" linapopungua nguvu. Mama anayesali Baba Yetu tangu utotoni anajua tayari maana ya Pater noster, ila hajawahi kuisikia ikiimbwa hivyo. Pingamizi hilo lina haki yake kwa nyimbo za mwanzo na za komunyo, ambazo maneno yake hubadilika kila Dominika, na hizo kijitabu hakikuzigusa.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano wenyewe, katika hati ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, uliruhusu lugha za watu na papo hapo ukaagiza, katika namba 54, waamini waweze kusema au kuimba pamoja kwa Kilatini sehemu zinazowahusu. Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi, namba 41, yanataja sababu ambayo kwa Uganda ni ya kila mwaka: watu wa mataifa mbalimbali wanakutana mara nyingi zaidi, basi inafaa wajue kuimba pamoja walau Nasadiki na Baba Yetu kwa Kilatini, kwa lahani (yaani tuni) nyepesi. Fikiria Namugongo tarehe 3 Juni. Mahujaji wanatoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo, na jimbo moja la Uganda limepewa zamu ya kuongoza ibada. Kwaya ikiimba Kirunyankole, Waacholi wanasikiliza. Ikiimba Kiacholi, Waganda wanasikiliza. Credo ya III haina mwenyeji wala mgeni.

Kuna hofu moja inayorudi kila Kilatini kinapotajwa, kwamba padre atahitaji kibali. Kanuni ya 928 ya Sheria za Kanisa inasema Misa iadhimishwe kwa Kilatini au kwa lugha nyingine iliyoidhinishwa. Kuimba Sanctus ya Kilatini ndani ya Misa ya kawaida ya Dominika hakuhitaji barua ya askofu. Kinachohitaji ruhusa yake ni Misa ya zamani kwa Misale ya 1962, kwa mujibu wa agizo la Julai 2021. Haya mawili yanachanganywa mno, na Jubilate Deo iko upande wa kwanza kabisa.

Sasa matamshi, maana hapa ndipo kwaya za Uganda zina faida ambayo hazijaitambua. Irabu za Kilatini cha Kanisa ni tano, a e i o u, zinatamkwa kama za Kiswahili. Mwingereza anahangaika miaka kuzisafisha. Wewe umezaliwa nazo. Mganda ana faida ya pili. Konsonanti mbili za peccata au Hosanna zinatakiwa kushikiliwa kidogo, na sikio lililozoea ekkubo na nnyabo halihitaji kufundishwa jambo hilo.

Matatizo yanakuja kwenye herufi c. Kiluganda na Kiacholi huandika c kwa sauti ya "ch", kwa hiyo msomaji anatamka "peChata" na "Chredo" bila kufikiri. Kanuni ni hii: c ni "ch" mbele ya e, i, ae na oe peke yake, kama caelis (chelis) na pacem (pachem). Kwingineko ni "k". Na ch ya Kilatini ni "k": Christe ni "Kriste". Vilevile g mbele ya e na i ni "j", Regina ni "Rejina". Gn ni "ny", Agnus ni "Anyus". Sc mbele ya e na i ni "sh", kwa hiyo suscipe ni "sushipe". Excelsis, neno linaloharibika kuliko yote, ni "ekshelsis". Ti ikifuatwa na irabu ni "tsi", kama gratias, isipokuwa ikitanguliwa na s, t au x: hostia inabaki "ostia". Ndiyo, bila h, kwa kuwa h haisikiki, ila katika mihi na nihil ambazo ni "miki" na "nikil". Mihi utaikuta kwenye Magnificat.

Kuna mstari mmoja wa Gloria unaopima karibu mambo hayo yote kwa pumzi moja: gratias agimus tibi propter magnam gloriam tuam. Unatamkwa "gratsias ajimus tibi propter manyam gloriam tuam". Kwaya ikiusoma bila kukwama, mara tano mfululizo, kabla hata ya kuuimba, matamshi ya kijitabu kizima yamekaa.

Halafu Kyrie. Kwa Mganda ky ni "ch", kama katika kyalo, hivyo safu nzima inaanza na "Chirie". Mwambie asome "Kirie" na uandike hivyo juu ya noti kwa penseli. (Maneno hayo ni Kigiriki, si Kilatini, jambo ambalo katekista yeyote anaweza kulitumia kuonyesha kwamba liturujia ya Roma haikuwahi kuwa ya lugha moja tupu.)

L na r zinahitaji uvumilivu. Kiluganda hutamka r baada ya e na i, na l kwingineko, kwa hiyo miserere inatoka safi lakini gloria inakuwa "glolia" na Maria "Malia". Upande wa Kirunyankole na Rukiga mambo yanageuka: laudamus inakuwa "raudamus", tollis "torris". Kuwachanganya hawa kwenye benchi moja kunasaidia kuliko kuwatenganisha, maana kila mmoja anasikia kosa la mwenzake.

Makosa mawili ya mwisho ni ya Wabantu wote. La kwanza ni kuongeza irabu mwishoni: "Dominusi", "pacemu". Dawa yake ni kufunga midomo kwenye m na kuacha meno yakutane kwenye s, kisha kunyamaza. La pili ni mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tunasema "doMInus" na "gloRIa". Kilatini ni DOminus na GLOria. Kijitabu kimeweka alama ya mkazo juu ya maneno ya silabi tatu na zaidi. Mwalimu asipowaonyesha waimbaji alama hiyo siku ya kwanza, wataichukulia ni pambo.

Noti zenyewe ni za mraba, kwenye mistari minne. Wengi wakiziona wanarudisha kijitabu. Bahati nzuri kwaya zetu nyingi zinasoma solfa (do, re, mi), na noti za mraba ni ndugu wa solfa kuliko wa noti za piano. Ufunguo unaofanana na herufi C umeshika mstari wa do. Ule wa F umeshika mstari wa fa. Kuanzia hapo unahesabu ngazi juu au chini, na do unaiweka popote koo la watu linapotaka. Mwanzo wa Salve Regina ya lahani nyepesi, kwa mfano, ni d m s l s, noti moja kwa kila silabi. Mwalimu wa solfa anaweza kuandika Sanctus nzima ubaoni kwa robo saa.

Vitu vya kuwaonya ni vichache. Noti mbili zilizopandana, ya chini huimbwa kwanza. Nukta pembeni ya noti huirefusha kama mara mbili. Noti yenye meno kama msumeno ni nyepesi, na ile inayoitangulia ndiyo inayovutwa kidogo. Nyota inaonyesha mwimbaji kiongozi anapoishia na wote kuingia. Na ile noti ndogo mwishoni mwa mstari haiimbwi! Inakuelekeza tu mstari unaofuata unaanzia wapi. Kwaya ngeni huiimba karibu kila mara, kisha hushangaa wimbo umegongana na nini.

Tatizo kubwa zaidi ya kusoma noti ni mazoea. Wimbo wa Kigregoriani ni sauti moja. Kwaya iliyolelewa kwa sauti nne haiwezi kuvumilia. Alto wataanza kutafuta theluthi yao chini ya lahani kabla ya ubeti wa pili, na besi watafuata. Wakatazwe mapema, kwa upole. Ngoma na kayamba vipumzike, na mpiga kinanda asiwashe mdundo wa mashine. Hakuna pigo la kuhesabu: mwendo unatoka kwenye maneno, kwa kasi ya mtu anayesoma kwa sauti bila haraka. Ukiona wimbo unaburuta, sababu mara nyingi ni kwamba waimbaji wanakaza kila noti sawasawa. Warudishe kwenye kusoma maneno bila tuni, kisha waimbe tena.

Kipaza sauti nacho kina madhara yake. Kiongozi akibaki karibu nacho baada ya nyota, watu wananyamaza wamsikilize. Arudi nyuma hatua mbili mara wote wanapoingia.

Utaratibu wa kufundisha ni jambo ambalo kijitabu hakisemi, na ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu kinafuata mpangilio wa Misa: ukurasa baada ya ukurasa unafika Gloria ya VIII mapema. Usifanye hivyo. Gloria hiyo ya karne ya 16 ni tamu, lakini ina silabi zenye noti nyingi, na inapanda karibu oktava nzima juu ya noti yake ya kumalizia. Ukiichukua kwa kimo kilichoandikwa, yaani fa ya kinanda kuwa mwisho, wanaume wa mstari wa nyuma wataacha kuimba kufikia katikati. Ishushe hadi re au mi bemoli (bemoli ni alama inayoshusha noti nusu hatua). Kwa kuwa ina bemoli kwenye si, mwalimu wa solfa aiandike noti ya kumalizia kama do, na kila kitu kitasomeka kama wimbo wa kawaida wa meja.

Wakati mzuri wa kuanza ni Kwaresima. Gloria haiimbwi Dominika za Kwaresima, na vyombo vya muziki vinaruhusiwa kwa kusindikiza uimbaji tu, hivyo ukimya wa kinanda hautashangaza mtu. Wiki mbili za kwanza ziwe za maitikio: Et cum spiritu tuo, Deo gratias, na mazungumzo ya utangulizi. Haya watu wote wanayapata kwa kusikia, bila karatasi. Kisha Sanctus na Agnus Dei za XVIII, ambazo karibu kila silabi ina noti moja. Kyrie ya XVI iingie wiki ya nne, kila mwito mara mbili, na kwaya iangalie kwamba Kyrie ya mwisho ina mwisho tofauti. Pater noster iachiwe wiki mbili zake peke yake. Credo ya III inatisha kwa urefu, lakini ni misemo michache ya lahani inayorudiarudia. Kwaya na watu wakipokezana mstari kwa mstari, inashikika kwa miezi miwili. Gloria mwishoni, hata kama ni mwaka unaofuata.

Jambo moja la Sanctus: lahani ya XVIII imetungwa iendelee pale utangulizi wa padre ulipoishia, kwa ngazi zilezile. Mpiga kinanda akipiga koodi "kuwasaidia" watu wapate sauti, anakata uzi huo, mara nyingi akihamia kimo kingine kabisa. Padre akiimba utangulizi, kinanda kinyamaze. Padre asipouimba, kiongozi atoe noti moja kwa mdomo, basi.

Kwa nyimbo za sehemu ya pili, tazama kalenda. Regina caeli ni ya Pasaka hadi Pentekoste. Salve Regina ni ya baada ya hapo. Kwa Siku ya Mashahidi hili linaleta mkanganyiko kila mara, kwa sababu Pentekoste huhama. Mwaka 2025 iliangukia 8 Juni, kwa hiyo tarehe 3 ilikuwa bado Regina caeli. Mwaka 2026 ni 24 Mei, na Salve Regina imesharudi. Parce Domine ni ya Kwaresima, Veni Creator ni ya Pentekoste, kipaimara na upadrisho. O salutaris na Tantum ergo ni za kuabudu Ekaristi, na huenda wazee wa parokia wanazijua kuliko mwalimu wa kwaya, ila kwa lahani nyingine. Sikiliza lahani yao kwanza. Ikiwa kanisa lote linaiimba, sioni sababu ya kuwanyang'anya.

Kasoro za kijitabu ni za kweli. Hakina tafsiri hata mstari mmoja. Hakina maelezo ya noti wala ya matamshi. Hakina kitu cha mazishi, na katika nchi ambako kwaya huitwa msibani mara kwa mara, hilo ni pengo kubwa: Requiem na In paradisum itabidi uzitoe kwingine. Maji ya baraka ya Dominika pia hayana wimbo wake humu. Na uchaguzi wa Gloria ya VIII kwa kijitabu kilichokusudiwa kiwe cha lahani nyepesi bado unatushangaza. Ile ya XV ingekaa vizuri zaidi.

Wanaotaka zaidi hupelekwa kwenye vitabu vikubwa. Graduale Simplex ya 1967 ilitengenezwa kwa makanisa madogo na ni hatua ya pili yenye busara. Graduale Romanum ya 1974 ni ya kundi la waimbaji wenye mazoezi ya kila wiki ya noti za mraba. Liber Usualis, kile kitabu kinene ambacho watu hupigiana picha nacho, ni cha Misa ya kabla ya mageuzi. Kalenda yake itakupotosha.

Kuhusu uchapaji. PDF zinapatikana bure mtandaoni, nyingine ni picha za skana, nyingine zimechapwa upya kwa kompyuta. Chukua zilizochapwa upya. Ukipunguza skana kutoka A4 hadi A5, mistari ya noti inakatika na zile nukta za kurefusha zinapotea, na bila nukta kwaya haijui pa kupumua. Kwenye vibanda vya wachapaji vya Nasser Road, Kampala, waambie wachape kijitabu cha A5 cha kukunja, karatasi ya gramu 80, jalada nene kidogo, pini mbili katikati. Jumla ya kurasa igawanyike kwa nne, la sivyo utapata kurasa tupu mahali usipopenda. Omba nakala moja ya majaribio kwanza, uishike kwa umbali wa mkono kanisani, taa zikiwa jinsi zinavyokuwa Misa ya asubuhi. Kama bemoli haisomeki, ongeza ukubwa kabla ya kuchapa hamsini.

Chini ya kila wimbo ongeza tafsiri, ukitumia maneno yaleyale yaliyoidhinishwa ambayo watu husali kwa lugha yao. Usitafsiri upya mwenyewe. Parokia ya lugha tatu iweke lugha tatu, kwa herufi ndogo. Na jalada la ndani liwe na ile kanuni ya c, g, gn, sc na ti, pamoja na mstari wa gratias agimus tibi, kwa sababu mwimbaji mpya atajiunga Agosti, Kwaresima ikiwa imepita zamani.